Msiinyamazishe Nyonga Kabla ya Kuiuliza

Wajukuu zangu, nina la kuwaambia kuhusu nyonga, na nalisema leo kwa sababu wiki hii tena nimemwona kijana wa kiume akipita mbele ya kipenu changu anachechemea, na nilipomuuliza akasema, "Bibi, ni kitu kidogo, nimeshachomwa sindano."

Mtu akiamka asubuhi nyonga inamuuma, naye hakuanguka, hakupigwa, wala hakubeba kuliko alivyozoea, na maumivu yakaendelea wiki baada ya wiki, hapa kambini Ifo njia tatu zinamngoja. Kuna duka la dawa sokoni, ambako atachomwa diklofenaki na kupewa vidonge kwenye karatasi isiyoandikwa hata jina. Kuna mzee wa moto, apashaye chuma au kijiti kikaiva na kukibandika pale panapouma. Na kuna njia ya kuambiwa, "Hayo ni mawazo tu, mama, omba Mungu upumzike." Zote tatu nimeona watu wakizipita tangu kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1991. Mbili za kwanza zinahangaika na nyonga yenyewe, na nyonga mara nyingi haina hatia.

Mnanijua. Mimi ni Mbajuni wa Kismayu, Kiswahili nimekinyonya na Kisomali nimekua nacho, ndiyo maana nikakalishwa kwenye benchi la zahanati nitafsiri. Daktari ametoka Kisii au Machakos, mgonjwa ametoka bonde la Juba, na mimi katikati yao. Mkalimani hana cheti cha udaktari, lakini kila neno hulisikia mara mbili, mara ya kwanza likitoka kwa mgonjwa na mara ya pili likitoka kinywani mwake mwenyewe. Ukikaa hapo miaka na miaka utajua kwamba wagonjwa wengi walikwisha kulitaja jibu, ila hakuna aliyeuliza swali lake.

Nianze na kiseyeye, maana ninyi wa leo hamkijui.

Katikati ya miaka ya 1990 kiseyeye kilionekana katika kambi hizi zetu za Dadaab. Kabla ya hapo kilikwisha kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa pili wa mpaka, katika kambi za wakimbizi wa Ethiopia nchini Somalia. Kiseyeye ni ugonjwa wa mabaharia. Mimi nimelelewa ufuoni, wajomba zangu wote walikuwa watu wa mashua, na sikuwahi kumwona mtu wa kiseyeye hata mmoja, kwa sababu mvuvi wetu hurudi nyumbani jioni akakuta ndimu juu ya samaki. Nilikuja kukutana nacho huku kwenye vumbi, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, kwa watu wa ngamia ambao jahazi hawajaliona ila kwenye picha.

Walikuwa wanakuja wanaume na wanawake wazima, wanasema paja linauma, nyonga inauma, goti limevimba, mguu haunyooki. Hakuna homa. Hakuna jeraha. Ukimgusa mnofu wa paja anaruka. Mtoto naye analala chali, miguu kaitanua na kuikunja, hataki kubebwa, na mama akimkaribia tu analia kabla hajaguswa. Mama mtu anaapa kwamba mtoto amerogwa. Kumbe damu imevuja chini ya utando unaofunika mfupa, na kwa mtu mzima imevuja ndani ya msuli wenyewe. Ukimwambia afungue kinywa unaona fizi zimevimba, nyekundu iliyokoza, zinatoka damu. Ukiangalia ngozi ya mguu unaona vidoa vidogo vya damu kwenye mashina ya malaika, na nywele zenyewe zimejikunja. Ila lazima uangalie. Mtu aliyekuja na nyonga, nani atamwambia afungue kinywa?

Chanzo chake kilikuwa kwenye mgao. Unga, maharagwe, mafuta, chumvi, basi. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anaweza, ng'ombe anaweza, ngamia anaweza, sisi hatuwezi. Miligramu 10 hivi kwa siku zinatosha kumkinga mtu asipate kiseyeye, nazo ni kidogo sana, ndimu moja inakaribia kuzitimiza. Lakini mtu akikaa mwezi mmoja hadi mitatu bila kuzipata, mishipa midogo ya damu inaanza kulegea. Palikuwa na unga wa uji uliotiwa vitamini, wa mahindi na soya, lakini ule unga ukiuchemsha muda mrefu, kama tunavyopenda sisi uji uive sawasawa, vitamini C inakufa jikoni.

Tena mjue jambo hili si geni duniani. Mwaka 1747 daktari wa meli mmoja wa Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye ndani ya meli iitwayo Salisbury akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba mbalimbali: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili machungwa na malimau. Wale wawili wa malimau ndio waliopona upesi. Akaandika kitabu mwaka 1753. Hata hivyo, jeshi la majini la Uingereza halikuanza kuwapa mabaharia wake wote maji ya limau mpaka mwaka 1795. Miaka zaidi ya 40 jibu likiwa limeandikwa, na watu wanakufa! Kwa hiyo msifikiri uzembe umeanzia kambini.

Swali lililonisumbua wakati ule ni hili: watu wa ngamia wameishi nyika hizi karne na karne bila mchungwa wala mdimu, mbona kiseyeye hakikuwamaliza? Jibu ni maziwa. Maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, mara kadhaa. Mchungaji anayekunywa kibuyu chake asubuhi na jioni hahitaji ndimu. Vita vikaja, ukame ukaja, ngamia wakafa au wakaporwa, watu wakavuka mpaka wa Liboi mikono mitupu. Wote waliona kwamba familia zile zimepoteza mali. Kwamba zimepoteza pia kinga ya fizi na mifupa yao, hilo halikuandikwa kwenye fomu yoyote ya usajili niliyoisaidia kuijaza.

Mtasema, Bibi, hayo ya zamani, leo sokoni kuna ndimu, nyanya, hata maembe. Kweli zipo. Nani ananunua? Mgao ukipunguzwa, nao umepunguzwa mara nyingi, kitu cha kwanza kuondoka kwenye kikapu ni tunda. Mfikirieni mzee anayeishi peke yake, hana meno, anakula anjera na chai ya rangi siku nzima. Mfikirieni mtoto mwenye ulemavu anayelishwa uji tu kwa sababu hawezi kutafuna. Hao mkisikia wanalalamika miguu na nyonga, waulizeni wamekula nini miezi mitatu iliyopita, na muwaangalie fizi. Vidonge vya vitamini C ni rahisi kupatikana, na ubuyu una vitamini C tele, na kunazi za porini vilevile. Ikiwa ni kiseyeye, maumivu yataanza kupungua siku chache tu, na wiki mbili hazipiti hamjaona tofauti. Wiki mbili zikapita bila tofauti, tafuteni kwingine.

Sasa nimesifu maziwa, na lazima niyageuze upande wa pili, kwa maana hayohayo yanayokinga nyonga ndiyo yanayoweza kuiharibu.

Brusela. Neno hili mnalijua, kila duka la dawa kutoka hapa mpaka Garissa lina kipimo chake. Ni vijidudu vya mifugo, huingia kwa maziwa mabichi, kwa kushika kondo la mbuzi anayezaa, kwa damu ya kuchinja. Huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu, na hupenda sana kukaa pale uti wa mgongo unapokutana na mfupa wa nyonga. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nguvu zake, anashindwa kugeuka kitandani kwa maumivu ya tako la upande mmoja: wa kwanza kumfikiria awe brusela.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi wahudumu wa afya mnaopita bloki kwa bloki na mikoba yenu. Mwaka 2014 na 2015 watafiti waliwachunguza wagonjwa wa homa waliofika hospitalini huku kwetu kaskazini mashariki. Waliothibitika kuwa na brusela walikuwa 146. Kati yao 29, yaani mmoja katika kila watano, kipimo cha kingamwili katika damu kiliwaambia hawana. Tena watafiti hao hawakupata dalili hata moja ya mwilini ambayo ingemtosha daktari kusema, huyu anayo na huyu hana. Kilichoambatana na ugonjwa kilikuwa kugusa mifugo na kunywa maziwa mabichi. Kwa hiyo swali la "unakunywa maziwa gani?" lina uzito wake hata pale karatasi ya maabara iko mkononi. Na upande wa pili pia ni kweli: kipimo cha haraka cha dukani kinaweza kuonyesha alama ya ugonjwa wa zamani uliokwisha, au kukosea tu, na mtu akameza dawa wiki nzima kwa maradhi yasiyo yake. Nimesikia watu wakisema "mimi nina brusela" kwa miaka kumi, kama wanavyotaja ukoo wao.

Brusela ya kweli hutibiwa kwa dawa mbili pamoja, kwa muda wa wiki sita si chini, na ikiwa imeingia mifupani daktari anaweza kurefusha. Wanangu wa kiume, ninyi ndio mnaoniudhi. Wiki ya pili homa imeshuka, mnaacha dawa, mnarudi mpirani. Mwezi wa tatu mnarudi zahanati mmekunja uso.

Kuhusu kuchemsha, najua ubishi wake. Wazee wa ngamia wanasema maziwa yaliyochemshwa yamekufa, hayana nguvu. Sitawacheka, kwa kadiri fulani wanasema kweli, maana moto hupunguza vitamini C. Lakini huipunguza tu, na ndimu yaweza kulipa pengo hilo, na hakuna ndimu itakayoilipa nyonga iliyoliwa na brusela. Chemsheni. Na susa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, je? Susa ni tamu, nami naipenda, lakini uchachu wake hauwezi kuaminiwa kwamba umeua vijidudu vyote. Chemsheni maziwa kwanza, ndipo muyagandishe. Wasichana mnaouza maziwa kwenye madumu pale stendi, msione haya kumwambia mteja akachemshe, hatawahama.

Nimefika kwa wanawake, na hapa nitakaa.

Kuna maumivu ya mama wa Ifo ambayo nimeyatafsiri mara nyingi kuliko mengine yote. Anasema mifupa yote inauma, zaidi nyonga zote mbili na mapaja, mbavu ukizibonyeza zinauma, kuinuka kwenye mkeka lazima ashike nguzo, kupanda gari lazima asukumwe. Anatembea akiyumba kushoto na kulia. Eksirei ya kwanza haionyeshi kitu. Amezaa watoto saba, amewanyonyesha wote. Hana homa, hana uvimbe. Basi anaandikiwa parasetamoli, na safari ya tatu nyuso za watu zinaanza kubadilika: huyu anatafuta barua, anataka apelekwe ng'ambo.

Kinachomuuma mara nyingi ni mifupa yake kulainika kwa kukosa vitamini D. Kwa mtoto tunaita matege, miguu inapinda na kila mtu anaiona. Kwa mtu mzima haipindi, inauma tu. Vitamini D kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, na mtashangaa: hapa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, mtu atakosaje? Hulikosa kwa sababu halimfikii. Yuko ndani ya nyumba, na akitoka amejistiri, na ngozi yetu nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ya Mzungu. Ongeza mimba juu ya mimba, na chakula cha unga kisicho na maziwa wala samaki.

Ndugu zetu waliopelekwa Minneapolis, Norway na Finland wamelikuta jambo hili kwa ukali zaidi, kwa sababu huko jua lenyewe la miezi ya baridi halina nguvu ya kutengeneza chochote. Madaktari wa nchi hizo wameandika mengi juu ya upungufu wa vitamini D kwa wanawake wa Kisomali. Na mwaka 2004 madaktari wa Lausanne, Uswisi, walichapisha habari ya wanawake 33 waliokuwa wakiomba hifadhi nchini humo, wote wana maumivu ya misuli na mifupa. Kabla ya chanzo kujulikana, wengi walikuwa wameandikiwa kwamba maumivu yao hayana sababu, au yametoka moyoni na akilini. Walipopimwa, vitamini D ilikuwa chini. Walipopewa, wengi wao maumivu yaliisha ndani ya miezi michache. Wallahi, niliposomewa habari ile niliwakumbuka wanawake wa benchi letu mmoja mmoja.

Sisemi huzuni haiumizi mwili. Mtu aliyemzika mwanawe njiani mwaka 2011, akafika hapa wakati kambi zilizojengwa kwa watu 90,000 zimebeba zaidi ya 400,000, huzuni yake inaweza kumkaa kiunoni na nisishangae. Ninachokataa ni kuiweka huzuni kwenye kiti cha mbele. Aulizwe chakula kwanza, apimwe kwanza, apewe vitamini D kwanza, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Garissa. Na huzuni yake ihudumiwe vilevile, sambamba, si kama adhabu ya kukosekana kwa jibu.

Wasichana, dini haiwakatazi jua. Ua ninao, ninyi mnao, miiba imezunguka. Keti humo mchana na wenzako wa kike, mikono na miguu wazi, pukuchua maharagwe yako au suka nywele za mdogo wako. Mjamzito aseme wazi kliniki kwamba hatoki nje, ili waamue kuhusu vidonge. Na asiwepo mtu wa kumdunga sindano kubwa ya vitamini D dukani bila kipimo wala daktari, kwani ikizidi nayo ni sumu.

Kuna mambo mengine nitayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa hayangoji maneno ya bibi. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo, usaha unaweza kuwa ndani ya kiungo na unakila kwa saa. Mtoto anayelalamika goti na goti halina kitu, aangaliwe nyonga, maana maumivu ya nyonga hushuka gotini. Mnofu wa paja au tako unaouma siku kwa siku ukawa mgumu, hata kama ngozi juu yake ni nzima, waweza kuwa na usaha ndani ya msuli. Ugonjwa huo ni wa nchi za joto kama zetu, na hauishi kwa kukandwa. Uvimbe kwenye kinena usio na joto, mtu amekonda, mgongo unauma, ni lazima kifua kikuu cha uti wa mgongo kifikiriwe: usaha wake huteremka ndani ya msuli mpaka kwenye paja, naye mgonjwa huenda hakohoi hata kidogo. Dawa zake ni bure, na za mifupa huchukua mwaka mzima. Mwenye selimundu, nao wapo, hasa ndugu zetu wa bonde la Juba, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Na mzee anayeumwa zaidi usiku akilala kuliko mchana akitembea, huku anakonda, asipewe vidonge vya maumivu mwezi wa pili bila picha.

Kile kichwa cha mfupa kinanirudisha kwenye maduka ya dawa. Kuna vidonge mnavyopeana ninyi wasichana ili mnenepe mashavu na makalio kabla ya harusi. Ndani yake mara nyingi mna deksamethasoni. Dawa hiyo ina kazi yake halali mikononi mwa daktari, lakini ikimezwa ovyo kwa miezi hupunguza nguvu za mifupa na inaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kama selimundu inavyofanya. Wengine hupewa dawa za jamii hiyohiyo kwa maumivu, katika karatasi nyeupe, wakasifu muuzaji kwamba ana mkono mzuri. Kweli maumivu yanaondoka. Uso unavimba, unakuwa wa duara, na nyonga inaoza kimyakimya. Msimeze kidonge kisicho na jina. Kijana anayechomwa diklofenaki kila Ijumaa ili aweze kubeba mizigo Jumamosi anaumiza figo na tumbo lake, na sindano ya tako ikipigwa pasipo mahali pake hugonga mshipa mkubwa wa fahamu, mguu ukabaki unaburuta kidole. Tumewaona. Hawakuja na mguu ule.

Kuhusu moto nitasema kidogo tu, kwa sababu wanaochoma ni wazee wenzangu na wanafanya kwa nia njema. Kovu la moto huficha ngozi ambayo daktari alitaka kuiona, na kidonda cha mtu mwenye kiseyeye au kisukari hakifungi. Sijaona nyonga iliyopona kwa moto ambayo isingepona kwa kupumzishwa.

Si kila nyonga ni ya ajabu, msije mkaniambia sasa bibi ametutia hofu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na msichana aliyelibeba ubavuni upande mmoja tangu utoto, kano zake za upande ule zitalalamika. Anayelala juu ya mkeka mwembamba kwenye udongo mgumu, kwa ubavu uleule kila usiku, ataumwa pale mfupa unapochomoza. Hao dawa yao ni kubadilisha upande, mkokoteni wa punda ukipatikana, tandiko nene zaidi, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya tako ambayo mtaalamu wa viungo atawaonyesha. Kuwatofautisha si vigumu sana. Mwambie mgonjwa, usinieleze, niwekee mkono pale panapouma. Watu wengi wakisema nyonga huweka mkono ubavuni au kwenye tako. Kiungo chenyewe cha nyonga kiko ndani, na maumivu yake kwa kawaida huja mbele, kinenani. Mkono ukienda kinenani, fikiria kiungo. Ukienda ubavuni juu ya mfupa, fikiria kano na namna ya kulala. Ukienda nyuma, juu ya tako, fikiria mgongo na ile brusela. Kisha mwangalie akiswali. Kusujudu, kuinuka, kukaa tahiyatu, huko nyonga inapinda kila upande mbele ya macho yako bila wewe kumgusa. Aliyekuwa akiswali chini mwezi uliopita na leo ameomba kiti, kiti hicho ni habari, na daktari aambiwe.

Na mkienda kwa daktari msiende na neno moja. "Nyonga inauma" ni mlango tu. Mwambieni ilianza lini, kabla ya Ramadhani au baada. Mwambieni maziwa mnayokunywa, chakula cha nyumbani bila kuona haya, vidonge vyote vya dukani pamoja na vile vya kunenepa, kazi ya mchana, homa ya usiku, jasho, kukonda, mimba, na kama kuna mtu nyumbani amewahi kutibiwa kifua kikuu. Vijana wa kiume mnaofikiri kulalamika ni udhaifu, mficha maradhi kifo humuumbua, mnaijua methali hiyo tangu darasa la pili. Na ninyi mliochukua kazi yangu ya kutafsiri, msifupishe. Mama akisema maneno mia, msimpe daktari kumi kwa sababu foleni ni ndefu. Lile la themanini huenda ndilo.

Mkiandikiwa rufaa ya Garissa, anzeni siku ileile kufuatilia kibali cha kusafiri, maana karatasi ile huchelewa kuliko ugonjwa. Chukueni majina ya dawa zote mlizokwisha kupewa, na picha ya eksirei ya zamani hata kama mliambiwa haina kitu, kwa sababu daktari wa pili anataka kuona mfupa ulivyokuwa. Msiikunje, na msiiweke chini ya paa la bati wakati wa kiangazi. Mimi za kwetu naziweka chini ya godoro, zimelala bapa, zimefungwa kwenye karatasi.